Kabla Sijakupa Ufunguo: Kukaa Jirani na Mamba Huku Kyela

Nina vyumba vinne vya kupangisha Kyela, ukanda wa chini wa Mto Mbaka, kabla haujamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Wapangaji wangu wengi ni walimu na wauguzi waliopangiwa kazi huku wakitokea kwenye baridi: Tukuyu, Mbeya mjini, wengine Njombe na Iringa. Wanashuka na masweta. Siku ya pili masweta yako chini ya kitanda, na swali ni lile lile: "Mama, mto uko upande gani nikaoge?"

Kwa hiyo nina utaratibu. Mpangaji akishalipa kodi, kabla sijampa ufunguo, namwambia avae viatu twende. Kutoka mlangoni kwangu hadi mtoni ni hatua mia mbili na kitu. Tunatembea polepole, namweleza. Wapo wanaocheka. Anayecheka simpi ufunguo mpaka tufike na kurudi. Safari hii nimeamua kuandika, maana goti langu la kulia halitaki tena mteremko ule.

Tunasimama kwanza chini ya mwembe, kama hatua thelathini kutoka ukingoni. Hapo ndipo mwisho wa maongezi. Mwalimu mmoja wa hesabu nilimwambia, "Mwalimu, hebu hesabu magogo yaliyoko majini." Akahesabu matatu. Nikamwambia tukae. Baada ya kama dakika kumi nikamwambia ahesabu tena, akapata mawili. Hakuniuliza kitu. Alichofanya ni kurudi nyuma hatua moja, na mimi nikajua huyu atakaa salama.

Gogo la kweli huenda mto unakotaka. Mamba hubaki pale pale maji yakimpita, au anasogea kinyume cha maji bila kuyatikisa. Usitafute mnyama mzima, hutamwona. Tafuta nundu mbili za macho na mbele yake nundu ndogo ya pua, zimelala sambamba na maji. Mwili wote uko chini, na dume aliyekomaa anaweza kupita mita nne. Usiku chukua tochi uishike usawa wa macho yako, si kiunoni, umulike majini ukiwa mbali: macho yake yanarudisha mwanga mwekundu kama kaa la moto. Ukiona jekundu moja tu, usidhani ana chongo. Amekaa ubavu.

Tope nalo husema. Mamba akitoka kuota jua huacha mburuzo kama wa mtu aliyevuta gunia la mpunga kutoka majini, katikati pamelainishwa na tumbo, pembeni kuna alama za vidole vyenye kucha. Mburuzo wenye maji maji maana yake mwenyewe ametoka au amerudi sasa hivi. Asubuhi utamwona amelala mchangani, mdomo wazi. Huo si uchokozi, anajipunguzia joto. Lakini ujue kwamba mamba unayemwona juani siye wa kumwogopa sana. Muogope usiyemwona.

Halafu kuna kenge. Wahenga walisema msafara wa mamba na kenge wamo, na huku kwetu wamo kweli. Nusu ya kelele za "mamba! mamba!" zinazopigwa kitongojini ni za kenge wa maji. Kenge ana shingo ndefu, kichwa chembamba, na ulimi wenye ncha mbili anaoutoa na kuurudisha kila mara. Mamba, hata mtoto, hatoi ulimi, kwa kuwa umeshikana na sakafu ya mdomo. Kenge mwache aishi. Anakula vifaranga vyangu na namchukia kwa hilo, lakini pia anafukua mayai ya mamba na kuyala, na mamba jike mmoja hutaga mayai kama hamsini. Hesabu mwenyewe nani anatusaidia zaidi.

Wa kwenye simu na wa kwetu

Muuguzi mmoja alinionyesha video ya Marekani, jimbo la Florida. Mnyama mweusi anakatiza uani mwa mtu, nyasi zimekatwa vizuri, mzee wa Kizungu amekaa kibarazani na kikombe chake wala hashtuki. "Mama, mbona wenzetu wanaishi nao tu?" Nikamwambia airudishe video nimtazame mdomo.

Yule ni aligeta. Pua yake ni pana na butu kama koleo, na akifunga mdomo meno ya taya la chini hayaonekani. Wetu ana pua nyembamba zaidi, na hata mdomo ukiwa umefungwa jino la nne la chini limetokeza nje kama mtu anayejizuia kucheka. Anaitwa mamba wa Mto Nile, hata huyu wa Mbaka ambaye Nile hataiona. Tabia zao si moja. Aligeta huuma watu, lakini kwa kawaida mtu mzima hamhesabu kuwa chakula. Huyu wetu anatuhesabu. Anatuona kama anavyoona ndama.

Hata hivyo kuna jambo la Florida ninalolihusudu. Kule kumlisha aligeta ni kosa kisheria, na mwenye kumwona anayetisha, aliyezidi futi nne, hupiga simu akaja mtu wa kazi hiyo kumchukua. Wameelewa kwamba mnyama aliyezoea kupewa hula mpaka mkono unaompa. Hilo mimi nilijifunza kwa njia yangu, nitakusimulia sasa hivi.

Jiwe langu la samaki

Zamani nilikuwa nakaanga samaki. Nilinunua mbasa na magege ziwani, nikawaparua na kuwatumbua mtoni, kwenye jiwe moja bapa lililokuwa kama limechongwa kwa kazi hiyo. Kila siku saa kumi na moja jioni. Magamba na matumbo nilisukumia majini, mto ukayachukua, nikaona ni usafi. Kwanza wakaja kambale, nikafurahi. Wakaja kenge. Baadaye kambale wakatoweka pale kabisa, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Nilikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga. Alizoea kulala ubavuni pangu, mkono wa kushoto, akisubiri vichwa. Siku hiyo nilimtupia kichwa kikadondoka kwenye ukingo wa maji, kama mita moja hivi. Akaenda. Watu hudhani mamba huja na mshindo. Nilichosikia ni mlio kama wa mtu anayefunga kitabu kinene, basi. Nilipogeuza shingo maji yalikuwa yanajifunga. Sinia langu lilikuwa linaelea linazunguka, na kile kichwa cha samaki kilikuwa bado pale pale kwenye tope.

Nilikaa nyumbani siku tatu nikimlilia mbwa. Ya nne ndipo akili ikanijia. Yule mamba hakumfuata mbwa. Alifuata jiwe, alifuata saa kumi na moja, alinifuata mimi. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mahali alipokuwa amelala mbwa dakika moja kabla. Na aliyemwita alikuwa mimi mwenyewe, kwa matumbo ya samaki, kila jioni, miezi na miezi. Nilipohamia kutumbulia nyumbani aliendelea kuonekana mbele ya lile jiwe kwa wiki sita hivi, saa ile ile, ananingoja.

Ndiyo sababu kila ninachokuambia kinaanzia hapa. Mamba ni mnyama wa damu baridi, joto lake analichukua juani, kwa hiyo hahitaji kula kila siku. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila mlo. Ana muda ambao wewe huna. Anaweza kukuangalia Jumatatu, Jumanne na Jumatano akiwa chini ya maji, na Alhamisi akawa anajua utaweka mguu wapi. Ukimnyima ratiba umemnyima chakula.

Basi taka zote za nyama ni nyumbani. Chimba shimo nyuma ya jiko, kina cha mtu mzima kifuani, kila ukitupa mwagia majivu na udongo. Anayechinja kuku, anayetumbua samaki, anayezalisha nguruwe, asionekane mtoni na kondo wala damu. Banda la nguruwe lisijengwe ukingoni eti maji yako karibu ya kuoshea, maana harufu inateremka na mto na jibu linapanda. Ng'ombe na mbuzi wachotewe maji wanywee horini. Na mbwa, nakuomba, usiende naye mtoni hata umpende vipi. Bata wangu wako ndani ya uzio. Walio nje ya uzio si wangu, ni wa mto.

Maji

Maji ya kunywa usiyafuate mtoni kama kuna bomba au kisima. Nyumba yangu ina gata mbele na nyuma na simtanki la lita elfu mbili. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, mwaka unaweza kupita milimita elfu mbili, na bado kuna nyumba za bati zisizo na gata hata moja zinazotuma watoto mtoni mvua ikinyesha. Hilo linanikera kuliko mamba wenyewe. Wasio na uwezo wa tanki hutega ndoo na yale manyungu makubwa ya Wakisi yanayouzwa Matema. Hata hayo yanapunguza safari mbili kwa siku.

Ikibidi kwenda, nendeni wawili. Mmoja anachota, mwingine kazi yake ni kutazama maji, si simu. Anayechota asiingie majini wala asiiname. Mamba anaweza kujirusha zaidi ya nusu ya mwili wake akatoka majini kwa nguvu ya mkia, kwa hiyo gema la mita moja si ukuta. Tumia ndoo yenye kamba ya manila ya mita tano: simama nyuma, tupa, vuta. Ndoo ikizama vibaya ivute utupe tena. Kabla ya kutupa, chukua jiwe au mti mrefu upige maji, usubiri, utazame. Usichote mahali pale pale kesho, wala saa ile ile. Alfajiri na magharibi ndio saa zake na ndio saa zetu, hapo ndipo penye msiba. Sisi tumehamishia uchotaji saa nne asubuhi. Walimu hulalamika kwamba wako darasani. Nawaambia wachote Jumamosi.

Nguo zifuliwe juu. Maji yapande hatua ishirini, nguo zisishuke. Kusimama majini hadi magotini unasugua shuka, mgongo umeugeuzia mto, mawazo yako nyumbani: nikiwa mamba hata mimi ningekuja.

Pale kivukoni tuna kizimba, yaani uzio wa nguzo ndani ya maji wa kumzuia mamba, na kama kitongoji chako hakina, kijengeni. Kule Sengerema, Ziwa Victoria, TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, wamejenga vya chuma. Chetu tulikijenga kwa fedha za kikundi chetu cha kukopeshana, wanawake kumi na wawili, mwezi wa Oktoba mto ukiwa chini kabisa. Nguzo za milingoti, unene wa paja la mtoto, urefu mita tatu na nusu, tukazizamisha mita moja na zaidi. Mafundi walitaka kuweka mianzi kwa kuwa ni bei rahisi na imejaa kila mahali. Mianzi inaoza ndani ya mwaka mmoja ikikaa majini, na mamba hahitaji tundu kubwa. Kati ya nguzo na nguzo ngumi yangu ipite kwa shida, basi. Tukafunga mikanda mitatu ya mbao kwa waya na misumari mirefu, ya chini kabisa ikiwa ndani ya maji, maana akisukuma husukumia chini. Mlango uko upande wa nchi kavu tu, una ngazi tatu.

Ujanja wa kizimba uko kwenye alama. Nguzo moja tumeipaka rangi nyekundu mita moja juu ya maji ya kiangazi. Mto ukifunika rangi, kizimba kimefungwa, hakuna mjadala, hata kama kesho yake maji yameshuka. Maji yaliyopanda juu ya uzio huleta mgeni, na yakishuka mgeni anabaki ndani. Mwaka wa pili tulimkuta kenge. Mwaka uliofuata tulimkuta mamba wa kama mita moja na nusu, ametulia kwenye kona kama aliyekuja kikao cha kikundi. Tangu hapo wa kwanza kufika asubuhi hupekua chini kwa mwanzi mrefu, kona zote nne, kabla mtu hajashuka ngazi.

Masika

Machi hadi Mei usiangalie mvua ya kwetu peke yake. Mbaka, Kiwira, Lufilyo na Songwe zinashuka kutoka milimani, na sisi tuko tambarare kama sinia. Unaweza kulala na mbalamwezi ukaamka maji yako kwenye migomba kwa sababu ilinyesha Rungwe. Maji yakija, mamba naye amepewa barabara. Anaingia kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mitaro, kwenye mabwawa ya samaki, chini ya mikakao mahali penye kivuli na tope.

Wakati huo hakuna kupita maji yanayozidi kifundo cha mguu kama huoni chini, hata kama ni njia unayopita kila siku. Hasa kama ni njia unayopita kila siku. Mtoto wa shule akute maji arudi nyumbani, na wewe mwalimu usimchape kwa kutokufika. Maji yakitoka uani, usitoke kabla hakujapambazuka vizuri. Vaa buti, chukua mti mrefu, pekua rundo la kuni, nyuma ya choo, kibanda cha jiko, chini ya kitanda cha kuanikia kakao. Wewe tafuta mburuzo kwanza, mnyama baadaye.

Ukimkuta nchi kavu, hataki ugomvi, anataka maji. Kosa ni kusimama kati yake na mto. Mpishe, rudi nyuma, chukua watoto, mwachie njia. Akikukimbilia, kimbia moja kwa moja kwenda mbali na maji. Hayo ya kukimbia kwa kupindapinda ni hadithi: nchi kavu mbio zake ni za hatua chache, anachoka upesi, na ukipindapinda unampa nafasi. Vijana wenye mikuki na mapanga wazuie kwa sauti yoyote uliyonayo. Nimeona kijana akipigwa mkia goti likageuka nyuma, na mamba yule alikuwa anaondoka zake.

Wavuvi mnajua kazi yenu kuliko mimi, nitasema mawili tu. Mkono usining'inie nje ya mtumbwi, na samaki asinasuliwe kwenye wavu mkiwa mmesimama majini hadi kiunoni. Wageni wanaokwenda kutembea Matema nao waulize wenyeji kabla ya kuoga, na wakae mbali na mdomo wa Lufilyo. Ufukwe ni mzuri, lakini palipo na mdomo wa mto, matete na samaki pana mwenyewe.

Kiangazi jike hutaga mchangani, juu kidogo ya maji, na hulinda shimo lake karibu miezi mitatu. Ukisikia sauti ndogo ndogo kama za vifaranga zinatoka ardhini, ondoka. Mama yao anazisikia pia, anakuja kuwafukua na kuwabeba mdomoni mpaka majini, na hatakuuliza ulikuwa unapita tu au vipi. Watoto wanaochimba mayai kwa mchezo nimewachapa wa kwangu na wa jirani bila ubaguzi.

Akikamata

Sipendi sehemu hii, nitaisema haraka. Akishika, ataelekea maji yenye kina na ataanza kujizungusha ili akumalize pumzi na nguvu. Usikubali kusubiri. Piga macho, chomeka vidole machoni, piga pua. Kama mkono uko mdomoni, nyuma ya ulimi kuna kizibo cha nyama kinachozuia maji kuingia kooni. Kisukume kwa nguvu, wapo walioachiwa kwa njia hiyo. Mkiwa nchi kavu msaidieni kwa mti, kamba, mawe, kelele. Usiruke majini kumfuata, tutapoteza wawili.

Akitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zote, usifungue kuchungulia, bodaboda moja kwa moja hospitali. Hata jino moja tu lililogusa shavu la mguu. Mdomo wa mamba una uchafu unaoozesha nyama ndani ya siku mbili, na aliyeumwa anahitaji dawa na sindano ya pepopunda. Shemeji yangu alijifunga majani, akasema ni mkwaruzo. Leo ana vidole vitatu mkono wa kulia, na kila anaponisalimia "ugonile" namshika ule wa kushoto.

Siku hiyo hiyo mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, naye afikishe kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, ili wa TAWA waje. Chukua fomu ya PF3 polisi, tunza karatasi za hospitali, piga picha. Serikali ina kifuta machozi kwa aliyeumizwa au aliyefiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa kifo. Si fidia, na hakuna anayejidanganya kwamba ni fidia, lakini bila karatasi hata hicho hakipo. Na usimwue mamba kulipiza kisasi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 itakukuta wewe, na mto hautakaa bila mamba. Akiondoka mkubwa, mahali pake panapata mwingine.

Kuna watu watakunong'oneza kwamba mamba aliyemchukua fulani ni wa kutumwa, na watakutajia mzee aliyemtuma. Msibani sibishani na mtu, kila aliyefiwa ana njia yake ya kulia. Ila nimeona kitongoji kikikaa wiki nzima kujadili mzee mmoja ana nini kwenye chungu chake, na wiki hiyo hiyo wanawake wanaendelea kuchota pale pale alipochukuliwa yule binti, saa kumi na mbili jioni, wakiwa peke yao. Mzee akahama. Mamba hakuhama. Mpangaji wangu, ukialikwa kwenye mazungumzo hayo, uliza swali moja tu: kizimba tunajenga lini?

Haya, tumefika nyumbani, chukua ufunguo. Ndoo ya mtoni ni ile ya bluu, iko nyuma ya mlango wa jiko, kamba imefungwa mafundo mawili. Kila Jumapili naikagua, wewe pia ikague. Siku kamba ikikatika na ndoo ikaelea karibu kabisa, hata kama unaifikia kwa kunyoosha mkono, iache iende. Njoo uniambie, nitanunua nyingine.